Jina Lililoonekana Kwenye Seva

Kaloleni,
12 Februari 2025

Shangazi yangu Hanna,

Shikamoo. Natumaini Philemoni atakufikishia barua hii ikiwa kavu, maana huziweka barua chini ya madumu ya maziwa. Huku Kaloleni tuko wazima. Mke wangu Vaileth anakusalimia sana. Kikohozi kimemwacha tangu alipokunywa ile dawa yako ya tangawizi, ingawa aliinywa huku amefumba macho. Anna ameota meno ya juu na sasa anauma kila anachokiona, mpaka chaja yangu. Zile ndizi zako tulizipikia mtori, jirani akaja kuazima chumvi na hakuondoka mpaka sufuria ikaisha.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Wewe mwenyewe ulitufundisha, mimi na mwanao Godbless, kwamba neno zito haliendi kwa simu. Tena simu yako, samahani Shangazi, hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo.

Wageni wa Mzee Elihuruma wameibwa. Usicheke, ndivyo ilivyo. Unamkumbuka Elihuruma, mwongoza watalii, mteja wangu wa kwanza kabisa tangu nianze kuweka tovuti za watu kwenye seva. Mtalii akitaka kupanda Meru anaandika kwenye tovuti ya mzee: jina, simu, siku atakayotua. Mwezi uliopita mzee alikwenda uwanja wa ndege wa KIA na kibao chake chenye majina ya wageni wawili, mtu na mkewe, watu wazima. Alisimama mpaka uwanja ukabaki mtupu. Kumbe kuna mtu aliwaandikia mapema akijifanya wa ofisi ya Elihuruma, akawapokea, akachukua malipo, akawatelekeza geti la Momella bila mpagazi wala chakula. Yule mama ni mgonjwa wa moyo. Askari wa hifadhi ndio waliowapa chai. Waongozaji wengine wenye tovuti kwangu nao wamepoteza wageni kwa namna hiyohiyo.

Maana yake kuna mtu anasoma ujumbe wa wageni ndani ya seva. Wenye ufunguo wa seva ni mimi na Lesikar tu, mwenzangu wa ofisini. Waongozaji wamekaa kikao, wamesema ni Lesikar. Nimewabishia, lakini sina cha kuwaonyesha. Nikamwambia Lesikar akae nyumbani kwanza mpaka tujue. Aliweka funguo za ofisi mezani akaondoka.

Nakueleza kwa kuwa ni mchumba wa binti yako Lilian, na sikutaka ulisikie sokoni Tengeru likiwa limeongezwa chumvi. Tafadhali usimhukumu bado. Msalimie Godbless, mwambie ananidai mchezo wa draft.

Mwanao,
Frederick


Nkoaranga,
2 Machi 2025

Frederick,

Marahaba. Barua imefika, kona moja inanuka maziwa. Mwambie Vaileth dawa hainywewi kwa macho, inanywewa kwa mdomo, afumbe asifumbe itafanya kazi. Na huyo mtoto mwondolee chaja. Nimezeekea wodini kwa kuuguza mimi, usinifanye niandike niliyoyaona huko.

Huku mvua inatutania, inatishia na kurudi juu mlimani. Kahawa ya upande wa mfereji imechanua mapema. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweupe miguuni. Na sasa nina tanki la maji, jeusi, kubwa, limekaa nyuma ya jiko kama bwana harusi. Godbless kaninunulia! Kazi yake ya kupeleka watalii imemnyookea, siku hizi anapata wageni wake mwenyewe, hata shati anavaa lililopigwa pasi. Nilipokuwa nalia kwamba mtoto huyu hana msimamo mlikuwa mnanicheka wewe na Lilian. Haya, chekeni sasa.

Hilo lako lingine limenichoma. Nilisema tangu mwanzo, tusikimbilie kuoza mtoto kwa watu tusiojua boma lao. Mkanijibu kwamba Lesikar ni mpole, Lesikar ni msomi, Lesikar akinisalimia anainamisha kichwa nimguse utosini kama mtoto wa zamani. Ni kweli, aliinamisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe ni la binti yangu.

Washenga wao walikuja Jumamosi na kreti za soda tupange tarehe ya sherehe ya send-off ya Lilian. Nimewarudisha, na soda zao. Mama yake, Nanyori, alikuwa nao, ametoka Oldonyosambu asubuhi ile. Hakukaa hata anywe chai. Alinitazama tu, akajifunga vizuri shuka lake, akatangulia kwenye njia.

Lilian amerudi Themi kwenye zahanati yake na hajanipigia. Alie. Bora alie akiwa kwao kuliko akalie kwa mwizi.

Ila nieleze kitu kimoja. Mtu anaingia, anasoma barua za watu, anatoka, na nyie wenye mitambo yenu hamjui kama ni mwanamume au mwanamke. Inawezekanaje?

Shangazi yako


Kaloleni,
20 Aprili 2025, Pasaka

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tulikwenda ibada ya asubuhi. Anna alilia wakati wa mahubiri, akanyamaza wakati wa sadaka, Vaileth anasema mtoto huyu atakuwa mhasibu. Tumekula pilau. Nafasi yako ilikuwepo mezani, lakini najua hukuja kwa sababu bado umenikasirikia.

Uliuliza inawezekanaje. Nitakueleza bila mbwembwe. Kwenye seva moja nimeweka tovuti za watu wengi, kwa kuwa kila mmoja peke yake hawezi kukodi seva nzima. Kila tovuti ina skripti, yaani maagizo yanayofanya kazi mgeni akibonyeza: pokea jina, weka hapa, tuma kule. Mimi niliacha skripti za watu wote ziendeshwe kwa jina moja, jina la seva yenyewe. Ni rahisi, haina usumbufu. Lakini skripti iliyo kwenye tovuti ya fundi viatu inaweza kufungua faili za Elihuruma, ikachukua neno la siri la mahali ujumbe wake unapohifadhiwa, na seva isishtuke, maana kwake wote hao ni mtu mmoja. Ni kama kijiji kizima mngeanika kahawa kwenye wavu mmoja, halafu jioni muulizane ya nani imepungua.

Kwa hiyo mwizi si lazima awe na ufunguo wa seva. Anaweza kuwa yeyote mwenye tovuti humo ndani. Lesikar aliniambia tuirekebishe. Nikamjibu kwamba hawa wote tunajuana, wengine ni ndugu, tutawafungiaje milango? Sasa yeye ndiye anayechunga mbuzi wa baba yake, na mimi ndiye niliyebaki ofisini.

Nimeanza kuirekebisha. Kila mwenye tovuti nampa jina lake ndani ya seva. Skripti zake zinaendeshwa kwa jina hilo tu. Skripti ikigusa cha jirani inakataliwa, na kukataliwa kunaandikwa. Maneno ya siri nayaondoa pale yalipokuwa wazi. Skripti za zamani zilizotoboka nazizima. Kazi ni ya polepole kwa sababu kila nikigusa tovuti moja nyingine inagoma. Ya saluni ya Nashipae ilizimika kabisa, akaja ofisini na mkasi mkononi.

Katika kupanga hayo majina nimekuta faili ambalo sikuliweka mimi, la kusoma ujumbe wa tovuti nyingine. Liko kwenye ukurasa wa kwaya ya usharika. Ule ukurasa nilimpa Godbless ausimamie, wewe ulivyoniomba, ulisema ndugu hafungiwi mlango. Je, bado anausimamia yeye, au amemwachia kijana mwingine wa kwaya? Nimempigia simu mara nyingi, hapokei.

Lilian hupita ofisini akitoka kazini. Anakaa kidogo kwenye kiti cha Lesikar, kisha anaaga.

Mwanao,
Frederick


Nkoaranga,
11 Mei 2025

Frederick, baba,

Mvua sasa inanyesha mpaka inakera. Njia ya kushukia kanisani ni utelezi mtupu, mama mchungaji ameanguka akateguka mkono, nimemfunga mimi. Ndama anaendelea vizuri. Mikungu aliyokuja nayo Philemoni ni yenu, ule wa chini ni wa mtori, usimruhusu Vaileth aukaange.

Ukurasa wa kwaya ufunge. Tuliimba kabla ya seva na tutaimba baada yake.

Uliyemuulizia yuko safari. Sina la kuongeza.

Baba yako alipofariki nilikuchukua ukiwa hujui hata kufunga kamba za viatu, mkakaa wewe na wanangu hapa jikoni kwangu, mkala sahani moja. Sikuandika jina kwenye kijiko cha mtu. Unapogawa hayo majina yako ulikumbuke hilo.

Tanki linavuja chini.

Shangazi yako


Kaloleni,
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Baridi ya huku mwaka huu si mchezo, sijui nyie huko juu mnaamkaje. Anna anasimama akishika kiti. Vaileth aliukaanga ule mkungu wa mtori, nimekuambia ukweli, usinitume nimgombeze.

Ukurasa wa kwaya sikuufunga. Nisamehe kwa kutokutii. Niliuacha wazi, ila niliupa jina lake peke yake kama tovuti nyingine zote, nikasubiri.

Msimu umeanza na wageni wanaandika. Jumanne skripti moja ilijaribu kufungua ujumbe wa Elihuruma, ikakataliwa. Ikaenda kwa jirani yake, ikakataliwa. Seva ikaandika imetoka wapi: ukurasa wa kwaya. Baadaye mwenye skripti hiyo akadhani neno lake la siri limeharibika, akaomba jipya, seva ikalituma kwenye simu yake, akaingia nalo, akajaribu tena. Namba hiyo ya simu naijua kwa moyo. Ninaipigia tangu Pasaka, haipokelewi.

Si Lesikar. Si mtu wa nje. Shangazi, hapa kalamu imegoma, na wewe unajua kwa nini imegoma.

Nimekaa na waongozaji nikawaambia tundu nimeliziba, wageni wao hawatasomwa tena. Jina sikulisema. Mzee Elihuruma akanitazama, akasema, "Fred, kama tundu umeliona, na panya umemwona." Nikafunga kompyuta yangu. Wamenyanyuka wakiamini kwamba namficha Lesikar kwa sababu ya ukwe. Hawataki arudi kwenye seva hata kwa kufagia, na hakuna ofisi hapa mjini itakayomchukua, maana wote wameshaambiana.

Mimi si mtoto wa kuzaliwa kwako, ndiyo maana naogopa kuwa mimi ndiye wa kulipeleka jina hilo kituoni. Watasema yatima aliyelelewa ameuma mkono. Sitalipeleka popote mpaka uniambie. Lakini Lesikar je? Niambie nimfanyeje Lesikar.

Mwanao,
Frederick


Kaloleni,
27 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Philemoni anasema barua alikupa mkononi na ukaisoma palepale zizini.

Waongozaji wameamua wao wenyewe kumpeleka Lesikar polisi, kahawa ikianza kuvunwa na wenzao walio mlimani wakirudi mjini. Elihuruma kanieleza uso kwa uso, kwa heshima, ili nisije nikasema sikujua. Lilian amesikia. Ameniuliza kama najua ni nani. Nikamwambia amuulize mama yake. Nisamehe.

Frederick


Nkoaranga,
24 Agosti 2025

Frederick, baba,

Marahaba, na hizo ulizonipa zote ambazo sikuzipokea, marahaba. Anna ametembea? Kama ametembea mkate kucha, watoto wakianza kutembea hujikwaruza uso. Kahawa tunavuna, mwaka huu ni nzuri, na mikono yangu haina haja nayo.

Barua zako nilizipata. Ile ya Juni niliiweka kwenye Biblia. Ikawa kila nikifungua nitafute Neno nakutana na wewe. Nikaihamishia kwenye debe la unga.

Wewe uliona mwezi wa sita. Mimi nilijua kabla yako. Mwezi wa kwanza alikuwa amesimama hapa mlangoni mwa jiko anaongea Kiingereza na simu, nikasikia anataja Elihuruma, Elihuruma, nikafurahi, nikasema mwanangu amepata mzee wa kufanya naye kazi. Wiki ileile tanki likaja. Barua yako ya Februari iliponifikia nikaelewa kwamba hawafanyi kazi pamoja. Nilielewa, Frederick, si kwamba nilidhani. Na bado nikawarudisha washenga na soda zao, kwa sababu mkosaji akiwa Lesikar, basi si wangu. Ndivyo nilivyofanya mimi mwanamke wa kanisani.

Alikuja mwanzoni mwa mwezi kuchukua nguo. Nikamkalisha nikamuuliza. Kwanza akacheka. Akasema wageni si ng'ombe, hawana alama, anayewawahi ni wake. Nikamwuliza yule mama wa moyo uliyemwacha Momella, naye uliwahi nini kwake? Akaanza kukunja nguo zake. Kisha akasema, "Mama, Fred aliacha wazi." Nikamwambia aliacha wazi kwa sababu mimi nilimwambia aache. Akachukua mfuko wake akateremka kwa njia ya mgombani asikutane na watu. Simu haipatikani. Wengine wanasema yuko Moshi.

Siku iliyofuata Lilian alipanda kutoka Themi. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Mama, ni nani?" na mimi nikafagia sakafu ambayo ilikuwa safi. Akaelewa kwenye ufagio.

Nikaenda mpakani mwa shamba, pale masale yalipo karibu na kaburi la mume wangu, nikakata jani moja, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa kufanya tunapokwenda kuomba msamaha. Tukaondoka na Lilian mpaka Oldonyosambu. Unajua upande ule ulivyo, vumbi na upepo, sijui inakunywa nini mifugo ile. Nanyori alikuwa anakama mbuzi. Nikapiga magoti kwenye vumbi na jani langu. Akalitazama akamwuliza Lilian, "Hili la nini?" Hawalijui, baba! Nimetembea njia yote hiyo nikijua kwamba aletewaye sale hawezi kukataa, kumbe kwao ni jani tu.

Lilian akamweleza. Nanyori akaweka kibuyu chini, akazunguka nyumba akitafuta kitu. Kila mahali pamekauka. Mwishowe akakuta majani mabichi kidogo pale wanapomwaga maji ya kuoshea vyombo, akayang'oa, akaja akanitia mkononi pamoja na sale. Akasema, "Kwetu ni haya. Sasa omba." Nikaomba. Nililia mpaka mbuzi wakasogea. Nanyori akaniinua akanipa loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, nikala, na ilishuka.

Lesikar akarudi na mifugo. Amekonda. Nikanyoosha mkono nimguse utosini, yeye akasimama wima. Hakuinama. Akanisalimia vizuri, kwa adabu, akiwa amesimama vilevile. Akasema, "Mama, mimi nimekusamehe, na mama amekusamehe. Lakini jani hili siwezi kulipeleka kwa Mzee Elihuruma. Mzee anataka jina." Lilian alikuwa pembeni yake wakati anasema hayo, na hakuja kukaa upande wangu.

Tumerudi Nkoaranga. Nimefikiri sana juu ya lile ulilosema, kwamba watasema yatima kauma mkono. Hawatasema. Hutalitamka wewe. Uliniachia mimi na nikakuacha miezi mingi na mzigo usio wako, ukapoteza rafiki kwa ajili ya sahani yangu. Nisamehe, mwanangu.

Karatasi ya pili iliyo ndani ya bahasha hii ni ya kupeleka. Uanze kwa Elihuruma, umsomee mbele ya waongozaji wote, na Lesikar awepo, akae kwenye kiti chake. Kisha uipeleke kituoni pamoja na hayo ambayo seva yako iliandika. Wakitaka kuniona, njia ya Nkoaranga wanaijua, sijambo na miguu yangu. Tanki nitaliuza niwape wale wageni kama wanapatikana.

Nimeandika mara nyingi nikachana. Hii ndiyo iliyobaki.

Mama yako,
Hanna


Nkoaranga,
24 Agosti 2025

Kwa Mzee Elihuruma na wenzake, na kwa polisi.

Aliyesoma ujumbe wa wageni wenu na kuwachukua ni Godbless Nathanaeli Akyoo, mtoto wangu wa pekee wa kiume. Nilimzaa hapa Nkoaranga na nikamlea mwenyewe. Lesikar hakuhusika kwa lolote. Frederick hakunituma kuandika.

Mimi mama yake,
Hanna Nathanaeli Akyoo